Jina Chini ya Uso

Josiah Pennock hakuwa mtu wa kutulia. Katika miaka mitatu alihama nyumba mara nne, zote hapa hapa mtaani Clerkenwell. Mkewe Keturah akimaliza tu kutundika mapazia, jamaa anaanza kulalamika kwamba dirisha linaangalia upande mbaya. Kazini tulikaa bega kwa bega miaka kumi na tisa, na goti lake lilinitikisia meza karibu kila siku.

Tulikuwa wachongaji wa picha za vitabu. Mchoraji alichora kwa penseli juu ya kibao cha mti mgumu, nasi tukakilaza juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga, tukaondoa kila kisicho mstari, mistari ibaki imeinuka ipakwe wino. Nyuso alizichonga mwenye karakana. Sisi wengine tuligawana nyasi, kuta na nguo, na Pennock alipewa mawingu.

"Leo mvua au jua, Bwana Mawingu?" tulimtania.

"Leo radi, na itaanzia kichwani kwako."

Kisha mkono wa Bwana Cribb, mwenye karakana, ukaanza kutetemeka. Wachapishaji wasijue! Akamwita Pennock pembeni, akamwapisha kufunga mdomo, na tangu hapo nyuso zote akazichonga Pennock. Chini ya kila uso alichonga jina la Cribb, kinyumenyume ili likichapwa lisomeke. Miaka sita nzima. Magazeti yakasifu kwamba Cribb anazidi kuwa hodari uzeeni, na Pennock akayasoma huku akizunguka chumba, kukaa hawezi.

"Keturah anadhani bado nachonga mawingu, Lemuel," aliniambia. "Niliapa nisimwambie mtu."

"Na mimi je, paka?"

"Wewe sikukwambia. Una macho."

Alichotaka ni uso mmoja tu wenye jina lake, amwonyeshe mkewe. Ilipokuja picha ya mjane anayesoma barua, akamwendea Cribb, kofia mkononi.

"Mzee, hii moja niweke jina langu."

Cribb akaitikia kwa kichwa. "Weka. Ulistahili zamani."

Siku hiyo Pennock aliimba mpaka tukamwomba anyamaze.

Alhamisi iliyofuata kibao kilirudi, Pennock akiwa ametoka kwenda kunyoosha miguu. Mchapishaji aliandika kwamba wanunuzi wanamjua Cribb, huyo Pennock hawamjui. Kurekebisha makosa ya wenzangu ilikuwa kazi yangu: unatoboa mahali palipoharibika, unapachika kipande kipya cha mti, unachonga upya.

"Toboa hilo jina, rudisha langu," Cribb aliniambia. "Nitamweleza mwenyewe."

Hakumweleza. Nami ningeweza kukataa, sikukataa. Niliogopa kufukuzwa, sina utetezi mwingine. Nililiziba jina lake vizuri mno, hata mshono haukuonekana, na bado naona aibu kulisema.

Kitabu kilipotoka, Jumamosi, Pennock alinipitia na mkewe. Duka la vitabu lilikuwa limekiweka dirishani, kimefunguliwa kwenye picha ya mjane.

"Ndugu yangu, ngoja," nikasema. "Kuna jambo."

"Utaniambia njiani."

Njiani alikuwa akitembea mbele yetu karibu akikimbia, anarudi, anamshika Keturah mkono, anamwachia tena. Sikupata nafasi, au sikuitafuta.

"Mwaka wa ngapi huu nakuficha?" alimwambia mkewe mbele ya dirisha. "Basi tazama. Ule uso."

Keturah akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akakifuta kwa mkono. "Maskini, huyu mama anajizuia asilie. Uso mzuri huu, Josiah. Ni wa nani?"

"Soma jina. Kona ya chini, kulia."

Akainama. "Pameandikwa Cribb."

Pennock naye akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akainuka, akaitazama mikono yangu.

"Au ni ukurasa mwingine, mume wangu?" Keturah akauliza.

"Ndiyo," akasema Pennock. "Ni ukurasa mwingine."