Sahihi za Kikao cha Zahanati

Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka mmoja tu majirani waliponichagua kuwa katibu wa kamati ya maendeleo ya kijiji chetu, huku milimani juu ya mji mdogo wa Tawa. Sikuomba kazi hiyo. Walisema mwandiko wangu unasomeka na sina ndugu kwenye siasa. Nilikubali kwa kiburi kidogo, nakiri.

Kikao cha maoni ya wananchi kilifanyika kanisani. Msimamizi wa wadi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye hakuvua koti hata jua likiwa kali, alitueleza kwamba mwaka huo kijiji kingepata mradi mmoja tu, nasi ndio tungeuchagua.

"Serikali ni nyinyi," alisema. "Mimi ni karani wenu tu."

Mapendekezo yalikuwa mawili: banda la soko pale njia panda, au nyumba ya muuguzi kwenye zahanati. Muuguzi wetu alikuwa mmoja, na hodari sana, ila alikaa Tawa kwa kukosa pa kulala huku. Kila siku saa kumi alasiri alifunga mlango akapanda pikipiki. Mwanamke akishikwa na uchungu saa kumi na moja, shauri yake.

Jirani yangu mmoja, mjane ambaye kwa kawaida haongei mikutanoni, aliinuka. Alieleza kwa Kikamba jinsi mke wa mwanawe alivyojifungua kando ya barabara, juu ya leso mbili, wanawake wakiwa wamemzunguka na kumpa mgongo ili wapita njia wasimwone. Mtoto aliishi, lakini mama yake hajawahi kupita tena mahali pale. Huzunguka kwa mtoni.

"Mnataka banda la kuuzia nyanya," alisema. "Mimi nauza nyanya. Nimeziuza juani miaka yote hii na sijafa."

Kanisa zima lilipiga makofi. Mikono ikahesabiwa. Waliotaka banda hawakufika kumi. Waliobaki wote walitaka nyumba ya muuguzi. Niliandika hivyo, kwa wino, nikaweka sahihi yangu.

Kisha orodha ya mahudhurio ikazungushwa. Mjane yule alishika kalamu akasita.

"Mwalimu, hii ni ya nini?"

"Ni ya kuonyesha tulikuja, mwaitu. Weka tu."

Kwa vile nilimwita mama kwa Kikamba, kwa heshima, akaniamini, akaandika jina lake herufi moja moja. Nimesema maneno mengi ya kipumbavu maishani, lakini hayo mawili, "weka tu," ndiyo yanayoniuma kuliko yote.

Miezi minne baadaye lori likamwaga kokoto njia panda. Nilidhani dereva amepotea. Nikamwambia zahanati iko juu zaidi, apande kilima. Akanionyesha karatasi yake. Ilisema banda la soko.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya wadi. Msimamizi alinikaribisha vizuri, akaagiza chai. Nikamwomba faili ya kikao chetu. Alinitazama kidogo, halafu akaitoa kabatini mwenyewe.

Ukurasa wangu wa kumbukumbu haukuwemo. Mahali pake palikuwa na ukurasa uliopigwa chapa, unaosema wananchi walikubaliana kwa kauli moja kujengewa banda la soko. Nyuma yake ilikuwa imebanwa orodha yetu ya mahudhurio. Majina yetu yote yalikuwepo, na lile la mjane lenye herufi kubwa zilizopinda.

"Hili si nililoandika," nilisema.

"Mwalimu, tuelewane. Mheshimiwa mwakilishi wa wadi aliahidi banda tangu wakati wa kampeni. Hilo lilishaamuliwa kabla ya kikao."

"Basi mlituitia nini?"

"Sheria inataka wananchi washirikishwe. Si mlishirikishwa?"

"Na sahihi zetu?"

"Ziko hapo. Hakuna hata moja ya kughushi."

Alilisema hilo kama mtu anayejitetea kwa haki kabisa. Nilifundisha watoto miaka thelathini na mmoja, na mtoto wa darasa la tatu anayeiba jibu la mwenzake huona haya akishikwa. Huyu hakuona. Chai ilipoletwa nilikuwa tayari mlangoni.

Kiwanja kinachopakana na banda, kila mtu alijua, ni cha shemeji yake mheshimiwa.

Nilipomweleza mjane, aliweka jembe chini. "Aiya! Kwa hiyo serikalini imeandikwa kwamba mimi ndiye nilitaka banda?"

Mwenyekiti wa kamati yetu, mzee wa kanisa, alinisihi ninyamaze. "Tukiwaudhi, mwaka ujao tutanyimwa hata hicho kidogo," alisema. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia msimamizi. Msimamizi alikuwa na mkubwa wa kumwogopa. Mwenyekiti alikuwa akiogopa kitu ambacho bado hakijatokea.

Siku hizo nilimkumbuka mfanyabiashara wa mifugo kule Tseikuru, nilikofundisha nikiwa kijana. Alikuwa Mwislamu, familia yake ilitoka kaskazini mashariki, na ndiye aliyeongoza kamati ya kisima. Hakumruhusu mtu kuweka kidole gumba kwenye karatasi kabla haijasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Watu walipoamua birika la kunyweshea mifugo likae mbali na duka lake, aliisoma karatasi hiyo vilevile, mwanzo hadi mwisho, akawa wa kwanza kuweka sahihi. Wakati ule nilimwona mtu wa kuchosha.

Mimi na mjane tuliandika barua ya kupinga ukurasa ule. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, nikaisoma kwa sauti kila mlango, na waliokubali wakatia sahihi. Tukaipeleka ofisi za kaunti. Afisa aliyeipokea aliisoma yote, akavua miwani.

"Mama zangu, mradi umeshaanza. Mngekuja mapema."

Mapema lini? Kabla hatujajua?

Banda lilijengwa, likakatwa utepe, likapigwa picha. Wauza nyanya bado wanakaa kando ya barabara, kwa sababu ndipo wateja wanapopita. Ni wanawake wangapi walijifungulia njiani mwaka huo, sijui. Hakuna ofisi iliyotaka kuandika.

Kikao cha mwaka uliofuata, orodha ilipoanza kuzungushwa, mjane alisimama akasema hatagusa kalamu mpaka uamuzi uandikwe juu ya kila karatasi ya majina. Msimamizi alisema fomu haina nafasi hiyo. "Basi andika pembeni," akajibiwa kutoka nyuma. Tulikaa hivyo, kanisa limejaa, hakuna anayeshika kalamu, mpaka msimamizi akaandika kwamba tumechagua nyumba ya muuguzi. Hata mwenyekiti alikunja mikono pamoja nasi. Nyumba ya muuguzi ilijengwa mwaka huo. Ni ya chumba kimoja, tulikuwa tumeomba viwili, lakini muuguzi analala humo.

Msimamizi alihamishwa. Mwezi uliopita nilikutana naye mjini Sultan Hamud, mimi nikinunua vitunguu, yeye akingoja gari lake litengenezwe gurudumu. Alinisalimia kwa furaha, kama jamaa.

"Mwalimu, bado una hasira nami?"

"Ndiyo."

Akacheka, kisha akaacha. "Ungekuwa mimi ungefanya nini? Mheshimiwa amekaa mbele yako, una watoto shuleni."

"Ningeandika walichosema."

"Ungefutwa kazi."

"Labda."

Alisema si rahisi hivyo. Nilimwambia sikusema ni rahisi, nikalipia vitunguu vyangu nikaondoka. Kanisani tunafundishwa kusamehe, na Jumapili hiyo nilijaribu kwa dhati. Lakini akilini nilimwona tu akifungua kabati lile na kunipa faili bila haya. Bado sijaweza.