Pini Iliyobaki Mezani

Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda. Bi Spana anafuta meza ya banda lake kwa kitambaa kilichokwisha kuwa cheusi kwa grisi, anaimba kimoyomoyo, mara mkono unasimama. Kati ya nati mbili kuukuu na kipande cha cheni kuna pini ndogo ya chuma, nyembamba, haifiki hata urefu wa kidole gumba.

"Mungu wangu," anasema. Hakuna wa kumjibu. Banda ni tupu.

Pini hiyo, kwa asiyejua, ndiyo inayoshikilia pedi za breki zisichomoke. Baiskeli ya mlimani isipokuwa nayo itapanda bila shida, na breki zitashika mara ya kwanza, pengine na ya pili. Kisha, kwenye mteremko, mtetemo wa mawe utazitoa pedi moja moja, na mwendeshaji atabana breki akute hewa.

Wanafunzi wake wote sita wameshaondoka kwenda kileleni. Mmoja wao, Bi Spana anaamini hivyo, anakwenda kuteremka bila pini.

Bi Spana ni jina la mtaani. Lile alilopewa na wazazi wake hulisikia akienda hospitali tu, na hata huko huchelewa kuitika. Ana miaka arobaini na tatu, mwembamba, mwenye kucheka kwa sauti, na mikono ambayo mama mkwe wake husema haijawahi kuwa safi tangu siku ya harusi. Kazi yake ni kufundisha watu kuendesha baiskeli kwenye njia za mlimani, na kuzitengeneza.

Asubuhi wanafunzi hufungua baiskeli zao bandani: magurudumu, cheni, breki, kila kitu mezani. Wanasafisha, wanapaka mafuta, wanafunga upya. Baadaye hupanda mlima na kuteremka na baiskeli hizohizo walizozifunga kwa mikono yao.

"Mtu akijua mteremko unamsubiri, hakazi nati huku anapiga soga," anasema.

Zamani alikuwa akisambaza magazeti kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, mvua au jua. Barabara mbovu ndizo zilizomfundisha ufundi, maana kila wiki kulikuwa na kitu kimevunjika na hakuna fundi wa kumfanyia bure. Kisha watu wakaanza kusoma habari kwenye simu, na kazi ikaisha.

"Simu zilininyang'anya mkate mdomoni," anasema na kucheka. "Sasa na mimi nawanyang'anya watu simu zao."

Hatanii. Ukifika kwenye kozi yake, simu yako inaingia kwenye ndoo ya plastiki iliyoko juu ya rafu, na hutaiona mpaka jioni. Sheria hiyo aliiweka baada ya kijana mmoja kujipiga picha akiwa kwenye mwendo na kuishia kichakani.

Ndiyo maana asubuhi hii, anapompigia wifi yake aliyewaongoza wanafunzi kileleni, inayolia ni ndoo. Inalia na kutetemeka juu ya rafu, na Bi Spana anaitazama kana kwamba imemtukana.

Ana sababu ya pili ya kuogopa. Mwaka jana mwanafunzi wa mkufunzi mwingine aligonga mti kwenye mlima huohuo akavunjika mfupa wa bega. Msimamizi wa msitu, mwenye funguo za geti, akawaita wakufunzi wote na kuwaambia neno moja: akiumia mtu mwingine, njia inafungwa. Na leo, katikati ya somo la breki, baiskeli ikiwa kwenye stendi na wanafunzi wameizunguka, simu ya Bi Spana iliita. Alikuwa msimamizi huyo.

"Nakukumbusha tu, mama," alisema. "Mtu mmoja tu. Nafunga."

Aliongea naye nje kwa dakika chache, akarudi bandani bado akiyawaza maneno hayo, akarudisha gurudumu mahali pake, somo likaendelea. Sasa pini iko mkononi mwake. Anaitia mfukoni, anachukua baiskeli yake ukutani, anavaa kofia ngumu, na kufunga mlango bila kukumbuka mkoba wa huduma ya kwanza.

Barabara ya kupandia ni ya changarawe, inazunguka mlima kati ya miti mirefu. Kwa kawaida Bi Spana huipanda taratibu, akiokoa pumzi. Leo anakanyaga pedeli kufa kupona. Hashiki breki hata mara moja, ni kupanda tu mwanzo mwisho, na kichwani mwake baiskeli sita zinapita moja baada ya nyingine.

Si kwamba hana utaratibu. Anao, na anaupenda kuliko kitu kingine chochote katika kazi yake. Anauita jicho la pili. Ukimaliza kufunga baiskeli yako, huigusi tena mpaka mwenzako aikague kuanzia usukani mpaka gurudumu la nyuma. Asiyekaguliwa hateremki. Basi pini imepitaje?

Anamfikiria mwoka mikate, aliyefika na unga masikioni, macho mekundu, ametoka zamu moja kwa moja. Lakini yule alikaguliwa na muuguzi, na muuguzi ni mtu wa kuhakikisha mara tatu. Muuguzi mwenyewe anajifunza ili awafikie wagonjwa wa vijiji vya juu ambako gari halifiki. Wale watatu wa ofisi moja wanacheka kila kitu, ndiyo, ila walikaguana kwa ushindani, kila mmoja akitaka kumkamata mwenzake na kosa.

Anabaki mmoja. Mzee Tarishi, mstaafu, aliyebeba barua na mafaili ya watu maisha yake yote na sasa anataka, kwa maneno yake, kwenda mahali ambapo hakutumwa na mtu. Macho yake yameanza ukungu. Wanafunzi walipokuwa wakikaguana, Bi Spana alimwona amepiga magoti kando ya baiskeli ya muuguzi, uso umekaribia kabisa kugusa tairi, anapapasa.

"Ni yeye," anasimulia Bi Spana. "Nilijiambia, ni yule mzee, haoni, na mimi mjinga nimemwachia roho ya mtu. Njia nzima nilikuwa namlaumu. Nilimlaumu mpaka nikawa namsema kwa sauti."

Anatokeza kileleni jasho linamchuruzika, pumzi zimekata. Wanafunzi wamekaa kwenye nyasi wanakunywa maji. Wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene wa maneno mengi, anasimama na kushika kiuno.

"Wifi, nani anakufukuza? Kaka yangu amekufuma na nini?"

"Hakuna kuteremka! Mtu asipande baiskeli!" Bi Spana anahesabu vichwa. Watano. Anahesabu tena. "Muuguzi yuko wapi?"

"Nimemtanguliza mpaka kona ya kwanza, ajaribu kusimama juu ya pedeli. Si umesema aliye tayari aanze?" Wifi anauona uso wake, na mzaha unamwisha. "Kuna nini?"

Kona ya kwanza ndiyo mlango wa mawe. Akiipita, muuguzi hana pa kusimama mpaka chini kabisa. Na baiskeli yake ilikaguliwa na mzee.

Bi Spana anashika usukani. Anaigeuza baiskeli yake kuelekea mteremko, anaweka mguu kwenye pedeli. Mbele yake njia inazama kati ya miti, nyembamba, imejaa mizizi. Ataiteremka kasi, atampata, atamsimamisha. Ndilo wazo pekee lililobaki kichwani.

Usukani hauendi. Mzee Tarishi ameushika kwa mikono miwili.

"Nani amekukagua?" anauliza.

"Niachie, Mzee!"

"Nauliza nani amekukagua, mwalimu."

"Kuna mtu anakwenda kufa kule chini! Niachie nimekwambia!"

"Kuna filimbi shingoni mwako," anasema mzee, bila kuachia. "Pigeni filimbi. Wewe huteremki."

Wenzake wanasema hawajawahi kumsikia akiongea hivyo, yeye ambaye huomba radhi hata akikupisha mlangoni. Bi Spana anajaribu kumsukuma. Mzee anajikita, miguu imepanuka, kidevu juu ya usukani. Ni wifi anayeichomoa filimbi shingoni mwa Bi Spana na kupiga mara tatu ndefu, ishara ya kila mtu ashuke na kusukuma baiskeli yake kwa miguu.

Upepo kwenye majani, basi. Wifi anapiga tena, mashavu yamemjaa, machozi yanamlengalenga.

"Nakuja!" Sauti inatoka chini, kwa mbali, ya mtu anayehema. "Mbona filimbi nyingi hivyo?"

Muuguzi anatokeza kwenye njia akisukuma baiskeli, kofia imekaa upande, mzima kama alivyoondoka. Bi Spana anamkimbilia, anapiga magoti, anaangalia breki ya mbele, ya nyuma, anarudia. Pini zipo. Zote mbili zimekaa mahali pake, zimekazwa vizuri, hata grisi ya ziada imefutwa.

Anaangalia ya mwoka mikate. Ipo. Za watu wa ofisini, zipo. Ya mzee mwenyewe, ipo. Ya wifi, ipo. Anaitoa pini mfukoni, anaitazama, amechanganyikiwa kabisa.

"Mwalimu," anaita Mzee Tarishi. Bado yuko pale alipomshikia usukani, ila sasa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, vidole vimeingia kwenye breki. "Hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani?"

"Pini. Na pedi moja haipo. Imedondoka huko ulikotoka."

Hapo ndipo asubuhi yote inapomrudia. Baiskeli kuukuu ya kufundishia ilikuwa na gurudumu lililokwama, akaona isiwe tabu, akaipandisha yake kwenye stendi. Akachomoa pini kuwaonyesha. Simu ikaita. Alipoingia tena alirudisha gurudumu, maana gurudumu linaonekana. Kila baiskeli bandani ilikuwa na jicho la pili isipokuwa ya mwalimu. Nani angethubutu kumkagua mwalimu?

Akakaa chini kwenye nyasi akalia. Anasema haoni aibu kusimulia hilo.

"Nililia kwa uoga. Breki ile ingeniacha kwenye kona ya kwanza, na muuguzi alikuwa kwenye kona hiyohiyo. Ningempitia naye," anasema. "Halafu nililia kwa sababu ya yule mzee. Nikamwambia, nisamehe, nimekulaumu kuanzia chini mpaka juu kwa macho yako."

"Macho yangu mabovu kweli, mwanangu," mzee alimjibu. "Ndiyo maana nashika."

Siku hiyo Bi Spana aliteremka kwa miguu, kwa njia ya changarawe, akiinamisha kichwa kutafuta pedi. Wengine waliteremka na wifi, mmoja mmoja, na hakuna aliyeumia. Wale watatu wa ofisini hawakucheka mpaka walipofika chini.

Bandani, simu zikitolewa kwenye ndoo, wifi alimvuta pembeni. "Hakuna aliyeumia. Tumalizie hapahapa, nani atajua?"

Bi Spana akatoka nje akampigia msimamizi wa msitu, akamweleza yote. Yule bwana akamtaka aeleze upya tangu mwanzo. Kisha akasema atakuja Jumamosi inayofuata, atazame kwa macho yake, halafu aamue.

Wiki iliyofuata haikuwa wiki. Bi Spana alikuwa akiweka sufuria jikoni na kusahau kuwasha moto. Kozi ndiyo inayomwingizia karibu nusu ya matumizi ya nyumba, na miezi ya mvua, njia ikiteleza, hata nusu hiyo hukosekana. Lakini kilichomnyima usingizi, anasema, ni maneno ya mumewe, fundi mwashi, mtu mpole asiyependa kuongea akila.

"Afunge tu," alimwambia. "Ungekufa, watoto ningewaambia nini? Mama yenu alisahau kakipande kadogo hivi?"

Bi Spana anasema anaogopa kuliko zamani, mchana anaogopa na usiku anaogopa, na kwamba hataki uoga huo umwishe akiwa bado anaifanya kazi hii. Akiruhusiwa kuendelea, anataka kumwajiri Mzee Tarishi awe mkaguzi wa kudumu, na kuwaita wauguzi wengine wa vijiji vya juu waje kujifunza.

Jumamosi imefika. Msimamizi wa msitu amesimama mlangoni pa banda, funguo za geti mkononi, anatazama saa yake. Wanafunzi wapya wamejipanga kando ya meza. Kwenye stendi iko baiskeli ya Bi Spana, ya kwanza kabla ya zote, na Mzee Tarishi amepiga magoti mbele yake, macho ameyafumba kabisa, vidole vinapita polepole kwenye breki. Bi Spana amesimama hatua chache nyuma, mikono ameifumbata kifuani.

"Mwalimu," anauliza msimamizi, "mko tayari au bado?"

"Usiniulize mimi," anasema Bi Spana. "Muulize Mzee."

Mzee hata hainui kichwa. Anahamia gurudumu la nyuma, na watu wote, pamoja na mwenye funguo, wanasubiri.