Sungura wa Dada Yangu

Dada yangu alipiga pasi mashuka ya watu kwa dobi mpaka mabega yakapinda. Alipoacha kazi, mwanawe alimchukua akae kwake, kwenye nyumba yenye viti visivyokaliwa. Akapewa chumba cha mwisho, karibu na jiko. Yeyote aliusukuma mlango wake bila hodi. Sisi tulibisha hata kwa mtoto aliyelala. Siku hizi mtu anaingia kwa mama yake kama anaingia sokoni.

Sungura alinunuliwa na mkamwana, mweupe, apendeze kwenye picha. Kila mgeni akija, maskini anavutwa masikio kutoka nyuma ya friji, simu zinammulika, anarudi kujificha akitetemeka. Mwishowe akamng'ata mkamwana kidole.

"Jumamosi nina wageni wa kazini," mpwa wangu akasema. "Asipotulia mpaka hapo, namtoa kwa muuza nyama."

Dada akaomba amchukue chumbani kwake.

Nilipomtembelea, sungura alikuwa ndani ya boksi, uvunguni. Dada ameketi sakafuni, amemgeuzia mgongo, anakunja nguo taratibu, ananong'ona.

"Unaongea na ukuta?" nikamuuliza.

"Punguza sauti, kaka. Nimempigia hodi, hajaitikia."

"Sungura na hodi wapi na wapi?"

"Wewe ungependa kuingiliwa hovyo?"

Hakumgusa. Aliweka majani ya karoti karibu na goti lake, akaendelea kukunja. Sungura akipiga mguu chini kwa hofu, dada anasogea mbali kidogo, bila kugeuka. Nilimcheka. Niliporudi siku nyingine, yule mnyama alikuwa amejinyoosha juu ya rundo la fulana, kidevu juu ya kisigino cha dada. Nikakatazwa hata kukohoa. Tangu amzike mumewe sikuwa nimemwona na uso uliotulia vile.

Jumamosi nilikuwepo. Sungura alikuwa mapajani mwa dada, amefumba macho. Mpwa wangu akausukuma mlango, wageni nyuma yake, simu juu.

"Mnaona? Mama kamfuga!"

Akamnyakua masikio. Sungura akarusha mateke, akamchana mkono, akaanguka, akapotelea uvunguni. Wageni wakacheka mpaka wakashikana.

"Basi huyu," mpwa wangu akasema, anafyonza damu. "Kesho kwa muuza nyama."

"Alikuwa ametulia," dada akasema. "Ungebisha tu."

"Nibishe hodi kwangu, mama?"

Watu wazima wenye tai walisimama pale, na hakuna aliyemkanya. Mmoja alikuwa bado anarekodi. Zamani jirani tu angemzaba kofi, kisha angemsindikiza kwa baba yake akaongezwe.

Dada hakupandisha sauti. "Kaka, chukua boksi, na yeye ndani."

"Mama, usiniaibishe mbele za watu. Mjomba, mwambie!"

"Nimwambie nini? Toka mlangoni tupite."

Sasa chumba changu ni cha dada, mimi nalala sebuleni. Sungura amerudi nyuma kuliko alipoanzia. Hali chochote mtu akiwepo. Dada anabisha, anangoja, anakaa chini na nguo zake. Mpwa anapiga simu: mama anarudi lini, watu wanauliza. Watu wanauliza! Yeye je, haulizi?

"Njoo mwenyewe," dada humjibu, "ukae sakafuni hapa, unyamaze."

Hajaja. Sungura leo ametoa pua.