Jina kabla ya kitovu kukatika

Kule Kamalondo, Léa humsikia jirani yake muuza makala, makaa ya kupikia, kabla ya kumwona: sauti hutangulia, mikono myeusi ikafuata. Hospitalini, ambako Léa huja kukaa naye, sauti ile imekuwa mnong'ono. Mama huyu hunawa, husugua kucha, hunusa vidole, hunawa tena, ndipo humgusa binti yake aliyezaliwa kabla ya wakati, anayeenea kiganjani.

Asubuhi moja munganga, daktari wa wodi, alimuuliza taratibu: "Mama, mapafu yake bado. Tujaribu mashine, ao tumuache atulie kwa kifua chako?"

"Mashine itamuumiza?"

"Kidogo. Na inaweza kushindwa."

"Mujaribu, docteur. Lakini akichoka, munirudishie. Kama ni kufa, afie kwangu."

Wauguzi walipombeba mtoto kumpeleka kwenye mashine, mama mukwe wake alimvuta mama huyo kitenge. "Usimuite jina! Kitovu haiyakatika. Ukimuita sasa, utalia mara mbili."

"Nitalia, mama. Lakini ajue kwake iko wapi."

Akaitoa sauti yake ya makala, korido nzima ikageuka: "Mumba eee! Mumba wa mama!"

Léa, aliyekuwa ameketi koridoni, akajikuta amesimama.