Maneno ya Salum Niliyoyapunguza

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu ya makoti yetu yaliyoloa. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mimi na Salum, rafiki yangu tangu tukisoma chuo cha Kurani Unguja, tulipanda ngazi kwenda kwenye chumba kilicho juu ya ukumbi wa kanisa, mtaa wa Kings Heath, huku kwa Waingereza. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja mtaa wa Alum Rock na kufanya kazi kiwanda kimoja, kwenye mashine za kukunja mabati ya magari. Salum alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Moyo ulimwenda mbio, jasho lilimtoka na baridi yote ile, hali, halali. Daktari wa kiwandani alimpima hakuona kitu, akampeleka kwa Bwana Len.

Kazi ya Len ilikuwa kuzungumza na wanaume waliozidiwa na wasiwasi. Usimfikirie mtaalamu wa tai na miwani. Alikuwa mnene, vidole viwili hana, kwa sababu kabla ya kusomea kazi ile alikuwa kwenye matanuri ya chuma. Alitumiminia chai mwenyewe, akamuuliza Salum mambo ya kawaida kabisa: unakula nini, unalala saa ngapi, ukiamka jambo la kwanza linalokujia ni lipi.

Mkalimani nilikuwa mimi. Kiingereza cha Salum kilikuwa cha kazini, cha kuambiwa leta, weka, simama. Changu kilikuwa cha shule, na nilijiona nacho, nisikufiche.

Salum akasema huku anaangalia kikombe, "Mwambie, asubuhi nikisimama kituoni, basi likija, naomba lisisimame. Naomba linipitie juu, nipumzike."

Mwanangu, hebu fikiria. Mtoto wa Kiislamu kutamka hayo, mbele ya Mzungu, tena juu ya kanisa! Nikamuwaza mama yake. Nikawawaza watu wetu wakisikia. Sisi tumelelewa kumsitiri mwenzetu, aibu yake unaifunika kama yako. Basi nikamgeukia Len, nikatabasamu, nikamwambia kwamba mwenzangu anasema mabasi ya asubuhi yanamchosha.

Len akamtazama Salum, si mimi. "Ni hayo tu?" akauliza.

Kiingereza cha Salum kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kumjulisha kwamba maneno yake hayakufika. Akaniangalia. Sijapata kuangaliwa vile tena. Akasema, "Mwambie sina jingine." Hilo nikalitafsiri sawasawa.

Hakurudi tena kwa Len, na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Nikawa namhimiza aswali, ale, aache kuwaza. Wiki ya tatu, nikiwa nimetangulia zamu ya asubuhi, msimamizi akaja kuniita mashineni. Salum alikuwa ameshuka barabarani basi likija. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, ndiyo maana hakufa. Nyonga ilivunjika vibaya, na mpaka leo anatembelea mkongojo.

Hospitalini nilimkuta Len ameshafika, ameitwa na daktari wa kiwandani. Kando ya kitanda alikuwa nesi mmoja Mkenya, Grace, ndiye anayewatafsiria. Nikasimama nyuma ya pazia.

"Sema tu, kaka yangu," Grace alikuwa anamwambia. "Vile utasema, ndivyo nitamwambia."

Salum akasema yote, na yule binti akayafikisha yote kama yalivyo. Kisha Salum akasema, "Mwenzangu aliyasikia haya. Akaona haya." Grace akalifikisha na hilo.

Len alinikuta kwenye ujia. Hakupandisha sauti. "Nimefanya kazi na wanaume waliokuwa wanaogopa kuonekana waoga kuliko walivyouogopa moto wa tanuri," akaniambia. "Kwa hiyo sikushangai. Lakini yule alipanda ngazi zangu aje kusema jambo moja tu, nawe ukalizuia. Kwa nini?"

Nikamwambia nilikuwa namsitiri.

"Unamsitiri yeye?"

 Mwanangu, hili hata mama yako sijamwambia: mimi pia nilikuwa nikiteremka basini kabla ya kufika, kifua kimenibana, nikisingizia kwamba nataka kunyoosha miguu. Maneno ya Salum yangesemwa pale mezani, yangu yangefuata. Pale ujiani nililia mbele za watu. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Len peke yangu, na niliendelea kwenda kwa miaka miwili.

Salum alirudi kwao Unguja. Kila Idi nampigia simu, namuuliza hali, ananijibu, "Nzuri tu, alhamdulillahi," halafu ananiuliza kama huku kuna baridi. Shemeji yake ananieleza kwamba bado zipo siku zinamwelemea, na siku hizo Salum humwita yeye wakae pamoja, amwambie kila kitu. Mimi haniambii. Ana haki.

Sasa, mwanangu, siku hizi wewe ndiye unayewasindikiza wajomba zako kliniki, unawasemea kwa Kiingereza chako cha kuzaliwa hapa. Ukisikia neno la kukutisha, usilipunguze wala usilipambe, lifikishe. Kumsitiri mtu ni kutomtangaza barazani. Kumziba mdomo mbele ya anayeweza kumsaidia si sitara, ni kumwacha peke yake, na mimi nilimwacha Salum nikiwa nimekaa ubavuni pake. Na neno likiwa lako, litoe mapema. Nitafute mimi, nitakusikiliza mpaka mwisho.

Mungu akupe usingizi wa raha, akupe na mtu wa kumwambia siku utakapoukosa, akujaalie uwe mtu huyo kwa mwenzako. Amin.