Mgomba wa Salumu Ndani ya Nusu Pipa

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana karibu wote wako chini ya udongo na mimi ndiye niliyebaki na majina yao. Njiani alikuwepo mama yangu, Mwamini, na tumbo lake kubwa. Alikuwepo Ramazani, mdogo wake wa tumbo moja, mujomba wetu, mutu wa maneno mengi. Nilikuwepo mimi Feza, na sufuria kichwani. Kabambare walikuwa wanatungoja baba yangu Amuri, dada yake Zaina, na mdogo wangu Salumu aliyekuwa na homa. Na katikati ya njia akapita Asumani, muuza samaki wa kukausha, mutu wa Nyangwe. Hao tu. Hao, na mgomba.

Juzi wajukuu walikata mgomba nyuma ya nyumba. Ile harufu ya maji yake, mbichi, kama chuma kilicholala kwenye mvua, ikaniingia puani, nikakaa chini palepale. Wakaniuliza, "Nkambo, iko nini?" Nikawaambia nimechoka. Ninyi nitawaambia kweli.

Kasongo tulikaa katika nyumba ya kampani ya pamba, kwa sababu baba alikuwa seremala wao. Udongo wa pale haukuwa wetu. Na kwetu, kitovu cha mtoto kikianguka kinazikwa chini ya mgomba, na mgomba ule unakuwa wake. Zamani tulipokaa Nyangwe, dada yangu Mariamu alikuwa na mgomba wake kule. Tulihama tukauacha, na Mariamu akafa kabla mvua hazijarudi. Ndiyo maana Salumu alipozaliwa, mama alimwambia baba akate pipa katikati. Mama akalijaza udongo, akapanda mgomba, kitovu kikalala humo. "Huyu atahama na sisi," akasema.

Mgomba ukakua mpaka ukapita mlango. Kisha kazi ya baba ikaisha, nyumba ikatakiwa, tukafunga mizigo kwenda Kabambare, kwao baba. Wakati huohuo Salumu akashikwa na homa ile ya kumfanya mtoto aongee na ukuta. Baba akaona asingoje. Akamfunga mgongoni kwa kitenge, apande naye kinga yake, baiskeli nzee, awahi dispanseri, shangazi Zaina akiishi karibu nayo. Mama akamshika mkono, akamwonyesha majani.

"Angalia, Baba Feza. Mugomba ikikauka njiani, mutoto anakwenda kama Mariamu."

"Mama Feza, mutoto ndiye huyu iko mugongoni," baba akasema. "Ule ni muti."

Baba akaondoka.

Sisi tukafuata na pipa. Mujomba alilifunga kwenye kinga yake, akashika usukani, akawa anavuta. Mama akasukuma kwa nyuma, mikono miwili juu ya chuma, na kilima kikizidi akasukuma kwa tumbo. Watu wa vijijini walitoka kutuchungulia. Mmoja akauliza, "Munahamisha shamba?" Mujomba akamjibu, "Hapana, tunasindikiza shemeji. Hana miguu." Walicheka. Mama hakucheka. Alivua kitenge cha mabegani akafunika majani yasipigwe na jua, na jua likampiga yeye. Kila tulipopumzika aliyapitia majani moja moja kwa vidole. Moja likageuka njano. Akalikunja ndani ili tusilione, lakini mimi nilikuwa nimeshaliona. Tangu pale hata mujomba aliacha mizaha, na kitu tulichosikia kilikuwa upepo unaochana yale majani, kama mtu anayepasua nguo ya zamani nyuma yetu.

Tulifika kwenye daraja la magogo. Mvua ilikuwa imepita, magogo yanateleza. Kinga ikalala upande, pipa likagonga gogo, na mgomba ukakatika. Haukulia sana. Ni mlio wa kitu laini chenye maji. Harufu ikatoka. Mama akakaa chini kwenye tope akashika tumbo lake kwa mikono miwili, macho amefumba. Nilijua anamlilia Salumu.

Mujomba akafukua udongo wa pipa kwa kidole. "Dada, fungua macho. Mama ndiye amekatika. Mutoto iko."

Kwetu shina kubwa la mgomba ni mama, na lile dogo linalochipuka ubavuni mwake ni mutoto. Kweli lilikuwepo, limejikunja kama sikio.

"Kitovu iko na nani?" mama akauliza.

"Iko na mutoto. Mizizi ni moja."

Akainuka, polepole.

Mujomba akanichukua tukatafute kamba za porini kufunga pipa upya. Tukiwa mbele kidogo, mama ameachwa kule darajani, ndipo Asumani akapita na kinga yake na samaki wake, anakwenda Kabambare. Mujomba akamsimamisha. "Ukifika kwa Zaina, umwambie Amuri hivi: mama amekatika njiani, lakini mutoto iko muzima. Tunakuja naye."

Asumani akavua kofia. "Nitafikisha, ndugu yangu. Pole sana."

Nilishangaa kuona mtu anavua kofia kwa ajili ya mgomba. Mujomba akaniambia, "Watu wa Nyangwe wana heshima."

Kabambare tulisikia vilio kabla ya kuona nyumba. Mama akaachia pipa. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayeingia mtoni bila kujua kina, akisema jina moja tu, "Salumu, Salumu." Wanawake walikuwa kwenye mikeka uani. Shangazi Zaina akainua kichwa, akamwona, na kilio kikakatikia kooni mwake. Baba alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye vumbi, na Salumu juu ya paja lake, paji la uso limelowa jasho. Homa ilikuwa imeondoka.

"Mama," Salumu akasema, "mugomba yangu iko wapi?"

Walipoelewa kwamba mama aliyekatika ni wa mgomba, si huyu wa kwetu, walicheka mpaka wakashikana. Mujomba alichekwa jioni nzima. Shangazi tu hakucheka. Mama alipotaka kukaa, akamzuia asiguse mikeka ile.

"Usikae hapo, wifi. Wamekulilia tayari."

Mama akakaa. Alikuwa amechoka.

Mvua ziliporudi, mama alijifungua. Sote tulikuwa uani. Baba akatoka ndani, akasimama, akatafuta maneno, na maneno aliyoyapata yalikuwa yaleyale. "Mama amekatika," akasema. "Mutoto iko muzima." Mujomba akainuka akaondoka. Mpaka anafia kule Salamabila hakumpa tena mtu ujumbe wa mdomo.

Miaka mingi niliamini neno lile lilizunguka likimtafuta mama mpaka likampata. Sasa nimezaa, nimezeeka, na ninachokiona ni tumbo lake juu ya chuma cha pipa. Njia nzima tuliulizana juu ya majani, tuliulizana juu ya Salumu. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Mtoto yule ni mdogo wangu, tulimpa jina la Mwamini. Wajukuu waliokata mgomba juzi ni wake, na mgomba ni wa ukoo wa ule wa pipa.

Kama nimekosea, nisahihisheni. Salumu anabisha kwamba daraja lilikuwa la mbao, naye hakuwepo. Labda Asumani hakuwa na kofia. Mwenye kukumbuka aniambie, nitakubali. Lakini pale mama aliposhika tumbo lake kwenye tope, pale nilikuwepo na macho yangu.