Siku Kizuizi Alipokataa Punguzo

Dada yangu mkubwa madereva wanamwita Kizuizi. Jina hilo alilipata kwenye kituo cha teksi, siku mkuu wa kituo alipotaka kumpanga mwisho wa foleni kwa sababu ni mwanamke. Aliegesha gari lake katikati ya mlango, akachomoa ufunguo, akautia kifuani na kukaa. Halikuingia gari wala halikutoka hadi saa nane mchana. Kesho yake akapangwa wa kwanza.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na dada ndiye aliyenisomesha mpaka la saba kwa kuosha teksi za watu, kabla hajapata ya kwake. Mimi si msemaji. Kule gereji ninakopiga rangi magari wananiita Bubu, na sijawahi kulikataa jina lenyewe, maana ili ukatae inabidi useme.

Baada ya miaka kumi na tisa ya teksi, dada aliitwa na hoteli moja kubwa. Walikuwa tayari kumpa kazi ya kuwabeba wageni wao, ila walikuwa na masharti ya gari: liwe jeusi, la kifahari, jipya, na liwe mlangoni Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Gari la namna hiyo watu kama sisi hatununui. Unalikodi kwa miaka mitatu, unalipa kila mwezi, kisha unalirudisha. Mjini kwetu wanaokodisha ni watatu tu na bei zao zimefanana kama mapacha. Ukimwambia mmoja apunguze, anakutazama kana kwamba umemwomba figo.

Dada alizunguka yadi zote tatu. Gari jeusi lilikuwa moja tu, na lilikuwa kwenye yadi ambayo hakutaka kurudi. Miaka mitano nyuma alikodi kwao gari dogo. Siku ya kulirudisha walilizunguka na kurunzi wakahesabu mikwaruzo kumi na mmoja, na sita kati ya hiyo ilikuwepo tangu siku aliyolichukua, isipokuwa haikuandikwa popote. Amana yake yote ikabaki kwao. Ndiyo iliyokuwa imalizie paa la nyumba yake. Misimu miwili ya mvua alilala na ndoo kando ya kitanda.

Alhamisi jioni akapita gereji.

"Kesho vaa shati safi. Unanisindikiza."

"Nikafanye nini, dada?"

"Ukaangalie. Kusema nitasema mimi."

Hapo nikakubali.

Ile yadi ndani ni baridi, na sakafu inang'aa mpaka unaona aibu kuikanyaga. Muuzaji, mwenye tai nyembamba, alimwona dada akashusha pumzi.

"Mama, nilikwambia juzi na jana nikakwambia. Hapa hatupunguzi. Hata mkwe wa mkurugenzi analipa hiyo hiyo."

"Sijaja kupunguziwa. Nimekuja kutia sahihi. Ila kwanza litoe nje."

"Nje wapi?"

"Juani."

"Mama, humu ndani tuna taa arobaini."

"Ndiyo maana."

Muuzaji akaenda kumwita meneja. Akaja mtu mnene wa sauti laini, akamshika dada mkono kwa mikono miwili.

"Mama yangu, gari ni jipya. Halijamaliza hata kilomita thelathini."

"Basi jua halitaliunguza."

Wakalitoa. Nikaanza kulizunguka taratibu, kama ninavyofanya siku zote. Kwenye boneti kulikuwa na mikwaruzo minne myembamba, ile ya kufutwa na kitambaa chenye mchanga. Bampa la nyuma lilikuwa na alama ya kugusa ukuta. Hayo ni madogo. Nilipofika mlango wa nyuma wa kushoto nikachuchumaa nikautazama kwa upande. Milango mitatu ilikuwa laini kama kioo. Huu ulikuwa na ngozi ya chungwa, vijipele vidogo vinavyobaki rangi ikipulizwa kwa mkono. Nikaufungua, nikapitisha ukucha kwenye mpira wake, ukatoka na vumbi jeusi la rangi. Boliti za bawaba zilikuwa na alama za spana. Mlango ule ulikuwa umegongwa, ukafunguliwa, ukanyooshwa na kurudishiwa rangi. Fundi aliyeufanya anajua kazi. Nisingeona aibu kama ingekuwa yangu.

Nikasimama. Nikisema, huenda wakalizuia gari, na Jumatatu dada hana kazi. Nikinyamaza, miaka mitatu ikiisha mlango ule utakuwa wake.

"Umeona nini?" dada akauliza.

Wote wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

"Mlango," nikasema.

"Umefanya nini mlango?"

"Umepigwa rangi."

Muuzaji akacheka. "Kwani huyu ni nani?"

"Ni mdogo wangu. Amepiga rangi magari miaka ishirini na mbili. Au mnadhani mkiyagonga yanajinyoosha yenyewe?"

Meneja hakucheka. Aliniuliza kama nina uhakika, nikamwonyesha ngozi ya chungwa, vumbi na boliti. Siku hiyo nilitumia maneno ya mwezi mzima. Akamtuma muuzaji ndani alete fomu ya kukabidhi gari, kisha akataka kumvuta dada pembeni.

"Sema hapa hapa," dada akamwambia.

"Mama, tusikuze mambo. Nakutolea asilimia kumi, kila mwezi, miaka yote mitatu. Sijawahi kumfanyia mtu. Haya ya mlango tuyaache, fomu ibaki safi."

Nilidhani dada angeruka kwa furaha. Huyu hupatana bei hata ya kiberiti.

"Sitaki."

"Kumi na tano."

"Punguzo lako weka mfukoni. Bei yako nitalipa yote. Nataka iandikwe kwamba mlango wa nyuma kushoto ulipigwa rangi kabla sijaugusa. Na mikwaruzo ya boneti, na bampa. Kwa mkono wako, na muhuri."

"Fomu haina nafasi ya maneno mengi."

"Igeuze. Nyuma ni nyeupe."

Sauti ya meneja ikapoteza ulaini. "Basi gari silitoi."

Nikamvuta dada mkono wa gauni. "Jumatatu, dada."

"Najua Jumatatu ni lini," akanijibu bila kugeuka. Akamwambia meneja, "Usilitoe. Nitakosa kazi, sawa, nilishawahi kukosa. Lakini mara hii silipii mkwaruzo wenu. Na dereva yeyote atakayeniuliza nimekosaje, nitamwambia. Wananijua mji mzima."

Mlango wa kioo ukafunguliwa, akatoka mzee mmoja wa suti aliyekuwa amekaa ndani na kalamu mkononi, mkataba wake uko mezani. Nadhani alisikia yote.

"Samahani," alimwambia meneja. "Lile la kijivu ninalochukua mimi, nalo halijatoka nje."

Meneja akamtazama mzee, akamtazama dada. Akaigeuza fomu juu ya boneti na kuandika. Dada akaisoma mara mbili, kidole kikipita chini ya kila neno.

"Hapa umeandika 'umeguswa rangi kidogo'. Futa 'umeguswa', andika 'umepigwa', na 'kidogo' futa."

Akafuta. Muhuri ukaletwa. Dada akatia sahihi, akalipa bei kamili bila kununa, fomu akaikunja na kuitia kwenye mkoba.

"Miaka mitatu ikiisha, mama," meneja akasema, "usije kutafuta gari hapa."

"Sitafuti. Nakuja kulirudisha. Na utakayelipokea ni wewe."

Akaingia, akawasha, akateremsha kioo. "Panda twende."

Lakini lile la kijivu lilikuwa limeshasukumwa juani, na mzee wa suti alikuwa amesimama kando yake ananisubiri.

"Tangulia, dada," nikasema, kwa sauti ambayo hata meneja aliisikia. "Mimi bado naangalia."